Mnada wa magari Japani: namna ya kununua ukiwa Goma, Bukavu ao Lubumbashi bila kupoteza makuta yako

Saa nane za usiku, wakati Goma imelala, Japani ni saa tatu za asubuhi. Kama siku ni Alhamisi, kwenye uwanja wa USS Tokyo, katika mji wa Noda, jimbo la Chiba, watu wako tayari kwa mnada mkubwa wa magari yaliyotumika. Kwa siku hiyo moja, magari zaidi ya 10,000 yanaweza kupita pale. Kila moja linapewa muda mfupi sana, mara nyingi chini ya nusu dakika, kisha bei inafungwa. Kati yake kuna RAV4, Noah, Harrier ao Ractis ambayo nyuma ya miezi kadhaa itakuwa inapanda milima ya Bukavu ao inarukaruka juu ya mawe ya lava ya Goma.

Watu wa mashariki mwa Kongo wanafahamu magari hayo vizuri kuliko wanavyofahamu mnada wenyewe. Tunaona gari linafika, tunauliza bei, tunauliza lilipitia Dar es Salaam ao Mombasa, basi. Lakini tangu telefone zenye intaneti zimeenea, wengi wanataka kumruka mfanyabiashara wa katikati na kujinunulia wenyewe. Akiba ya miaka, feza za likelemba, mkopo wa koperative, vyote vinatumwa kwa mtu ambaye mnunuzi hajamuona, kwa ajili ya gari ambalo hajaligusa. Inawezekana kufanya hivyo na kupata gari zuri kwa bei nzuri. Inawezekana pia kubaki na fakture mkononi, bila gari, bila feza, na bila mtu wa kushitaki.

Kwanza, tuelewe kwamba mnada huu si kama ule wa eBay. eBay, iliyoanza Marekani mwaka 1995, inamruhusu mtu wa kawaida kufungua akaunti na kupandisha bei. Minada ya magari ya Japani ni ya wafanyabiashara peke yao. Anayeingia lazima awe mwanachama, na ili akubaliwe anahitaji ruhusa ya serikali ya Japani ya kuuza vitu vilivyotumika. Ruhusa hiyo inaitwa kobutsu na ina namba yenye tarakimu 12. Na kama unafikiri kununua gari kwa kuangalia picha ni jambo la juzi, shirika la Aucnet lilianza mwaka 1985 kuuza magari kwa wanunuzi waliokuwa wanayaangalia kwenye televisheni, ndani ya ofisi zao. Hiyo ni miaka kumi mbele ya eBay.

Kwa hiyo mtu wa Uvira hawezi kuinua mkono mwenyewe pale Noda. Anahitaji wakala aliye mwanachama. Anamuambia gari gani anataka na bei ya mwisho, wakala anapandisha bei kwa jina lake mwenyewe, kisha anapanga usafiri mpaka bandarini. Njia ya pili ni kununua kwenye mashirika yanayoonyesha magari kwenye tovuti zao kwa bei iliyokwisha kupangwa. Watu wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya magari hayo nayo yalitoka mnadani, shirika likaongeza faida yake. Kwa hiyo hata ukinunua kwa njia hii, una haki ya kuuliza karatasi ya mnada ambapo gari lilinunuliwa. Muuzaji anayejibu kwamba karatasi imepotea, mimi ningemuacha na gari lake.

Swali moja linarudi kila mara: kwa nini Mjapani anauza gari ambalo bado ni zima? Jibu ni sheria na kodi. Gari jipya la mtu binafsi linakaguliwa na serikali nyuma ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Ukaguzi huo, unaoitwa shaken, ni ghali. Tena gari la esansi likipita miaka 13, kodi yake ya kila mwaka inapanda. Mwenye gari anahesabu, anaona ni afadhali auze. Gari zuri kwa bei ndogo si lazima liwe la wizi ao limeanguka. Ila liko ndani ya kundi moja na yale yaliyoanguka, yale yaliyoingia maji na yale ambayo kilometa zake zimerudishwa nyuma. Kazi ya mnunuzi ni kuyatenganisha.

Karatasi moja inayosema yote

Chombo cha kuyatenganisha ni karatasi ya mnada. Inajazwa na mkaguzi wa nyumba ya mnada, si na muuzaji, na hiyo ndiyo nguvu yake. Juu, kwenye pembe, kuna alama ya jumla. Gari karibu jipya linapewa S ao 6. Halafu inashuka: 5, 4.5, 4, 3.5, 3, 2, 1. Gari la 4 ni zuri, lina makwaruzo ya kawaida. La 3.5 lina makwaruzo na mabonde yanayoonekana. La 2 limechoka ao limeliwa na kutu. La 1 mara nyingi limebadilishwa sana, ao limepata balaa kubwa kama maji. Pembeni kuna herufi ya hali ya ndani, kutoka A mpaka D: viti, paa, harufu ya sigara.

Kisha kuna R na RA. Hizo ni gari lililopata ajali likatengenezwa. RA inawekwa pale matengenezo yalipokuwa madogo. Hapa watu wanadanganyika kwa njia mbili. Kuna wanaokimbia kila R, wakati RA iliyotengenezwa vizuri inaweza kutembea miaka mingi. Na kuna wanaofikiri kwamba gari lisilo na R halijawahi kugongwa. Si kweli. Japani neno shufukureki, yaani historia ya matengenezo, linahusu mifupa ya gari tu: shasi, nguzo, paa, sakafu na sehemu kama hizo. Mlango ukibadilishwa ao boneti ikibadilishwa, gari halihesabiwi kuwa lilitengenezwa kwa ajali. Ndiyo maana lazima uangalie picha iliyochorwa chini ya karatasi.

Picha hiyo ni umbo la gari, na juu yake mkaguzi ameandika herufi na namba. A ni mkwaruzo, U ni bonde, B ni bonde lenye mkwaruzo. W ni mahali palipotengenezwa na rangi mpya ikaacha mawimbi. S ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma. X ni kitu kinachotakiwa kubadilishwa, XX ni kitu kilichokwisha kubadilishwa. Namba inasema ukubwa: A1 ni mkwaruzo ambao hutauona ukiwa mbali, A3 utauona ukiwa ng'ambo ya barabara. Mtu akijifunza herufi hizi kwa jioni moja anaweza kusoma karatasi bila kujua Kijapani.

Kwa barabara zetu, ningeangalia chini ya gari kuliko juu. Mkwaruzo kwenye mlango hautakusimamisha kati ya Sake na Masisi. Kutu ya chini itakusimamisha. Huko Hokkaido na sehemu zingine za theluji, wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hiyo inakula chuma chini ya gari wakati rangi ya juu inabaki inang'aa. Kati ya gari la 4.5 kutoka sehemu ya theluji lenye S na C kwenye maelezo, na gari la 3.5 lenye mabonde mawili lakini chini pasafi, mimi ningechukua la 3.5, na pia ningelipa kidogo. Omba picha za chini. Wakala mzuri anazituma bila kunung'unika.

Kuna maneno matatu ya Kijapani ya kuuliza kwa wakala, kwa maandishi: je, yameandikwa kwenye karatasi? La kwanza ni kansui, gari liliingia maji. La pili ni soko fumei, kilometa hazijulikani. La tatu ni kaizan, kilometa zilichezewa. Gari lililoingia maji ni baya kuliko yote, kwa sababu linaweza kutembea vizuri siku ya kwanza, kisha umeme unaanza kufa polepole, taa leo, kompyuta kesho, na hakuna makanika wa hapa anayeweza kufuata waya zote zilizooza.

Kuhusu kilometa, wasiwasi ni wa haki lakini usizidi. Gari la miaka 12 lenye kilometa 60,000 linawezekana kabisa huko Japani, ambapo mamilioni ya watu wanapanda treni kwenda kazini na gari linalala siku tano kwa juma. Angalia kama mambo yanakubaliana: pedali ya breki iliyoisha, volan iliyong'aa kwa mikono na kiti cha shoferi kilichopasuka havikubaliani na kilometa 60,000.

Karatasi yenyewe inaweza kughushiwa. Mtu anachukua karatasi ya gari la R, anaifuta kwenye kompyuta, anaandika 4.5. Dawa ipo na si ghali. Kila gari mnadani lina namba yake ya siku hiyo, jina la mnada na tarehe. Wanachama wana programu zinazohifadhi matokeo ya minada iliyopita. Kwa hiyo mpe wakala mwingine, ambaye haujui wa kwanza, ile namba, tarehe na namba ya shasi, umuombe atazame. Hata kama atakuuliza malipo kidogo kwa kazi hiyo, ni feza zilizotumika vizuri kuliko zote utakazotoa.

Hesabu ya kurudi nyuma

Wengi wanapotea si kwa wezi bali kwa hesabu. Wanaona bei ya mnada, wanafurahi, wanasahau safari. Tuchukue mfano; namba hizi ni za kueleza tu, kila mtu atafute zake. Mama mmoja ana dola 7,000 zote. Badala ya kuuliza "gari gani la dola 7,000?", aanzie mwisho na kurudi nyuma. Anaenda kwa deklaran, anamuonyesha aina ya gari na mwaka wake, deklaran anamuambia duane na makaratasi yake yatakula dola 2,500. Zinabaki 4,500. Kusafirisha kutoka Dar es Salaam mpaka kwake ni 1,200: zinabaki 3,300. Meli ni 1,200: zinabaki 2,100. Malipo ya mnada, ya wakala na ya kupeleka gari bandarini kule Japani ni 600: zinabaki 1,500. Anaweka 300 ya mapine, betri na mafuta ya kwanza. Zinabaki 1,200. Hiyo 1,200 ndiyo bei yake ya mnadani, hata kama mfukoni ana 7,000.

Namba hiyo iandikwe mbele ya mnada na isiguswe. Mnada umetengenezwa ili mtu ajisikie kwamba anashindana, na anayeshindana anaacha kuhesabu. Wakala anayesema "ongeza kidogo tu, karibu tunalipata" anaweza kuwa na nia njema, lakini kumbuka kwamba analipwa ukinunua, halipwi ukikosa. Kama malipo yake ni asilimia ya bei, faida yake inapanda pamoja na hasara yako. Ni afadhali wakala mwenye malipo ya kiasi kimoja kwa kila gari. Ukikosa gari leo, juma lijalo yatapita mengine elfu kumi, na Toyota Noah ya rangi ya feza haijawahi kupungua duniani.

Uliza pia sharti la avansi. Mawakala wengi wanaomba feza za dhamana mbele ya kupandisha bei kwa niaba yako. Ni kawaida. Lakini iandikwe: usipopata gari, avansi inarudi yote? Kwa siku ngapi? Na ukishinda kisha ukabadilisha mawazo, faini ni kiasi gani? Ukishinda mnadani umenunua. Hakuna "nilikuwa ninajaribu".

Jambo moja ambalo karatasi ya mnada haitakuambia ni kama vipuri vya gari hilo viko hapa. Tembea kwenye garaji za mtaa wako mbele ya kuchagua. Gari lenye alama 5 ambalo hakuna makanika anayelifahamu litakuwa nyumba ya kuku. Magari ya hybrid hasa yanahitaji mawazo: betri kubwa ikichoka, uliza kwanza nani anaweza kuitengeneza na kwa bei gani.

Nani anapokea feza zako

Wezi wa biashara hii hawahitaji gari. Wanahitaji picha tu. Wanaiba picha kwenye tovuti ya shirika la kweli, wanafungua tovuti yenye jina linalofanana, herufi moja imebadilika, na wanaweka bei nusu. Wanajibu haraka kwenye WhatsApp, wanatuma fakture yenye mhuri mwekundu wa Kijapani. Mhuri hauthibitishi kitu, mtoto wa shule anaweza kuuchora.

Mambo yanayothibitisha ni mengine. Kila shirika lililoandikishwa Japani lina namba yenye tarakimu 13. Ofisi ya kodi ya taifa la Japani ina tovuti ambapo mtu yeyote, hata akiwa Bunia, anaweza kuingiza namba hiyo bure na kuona jina na anwani ya shirika. Omba namba hiyo na namba ya kobutsu. Chama cha Japani cha wanaouza magari yaliyotumika nje ya nchi, JUMVEA, kinaonyesha orodha ya wanachama wake kwenye tovuti yake. Kutokuwa kwenye orodha hakumaanishi mtu ni mwizi, lakini aliyesema yuko na hayuko, huyo amejibu swali lako.

Kisha benki. Feza zinatumwa kwenye akaunti ya shirika, kwa jina lile lile lililo kwenye fakture. Ukiambiwa akaunti ni ya mtu binafsi, ya "mkurugenzi", ya "tawi letu" katika nchi nyingine, ao utume kwa Western Union ao Airtel Money kwa jina la mtu, simama hapo. Na kuna wizi mmoja mgumu zaidi, kwa sababu unampata hata mtu aliyechagua shirika la kweli: mwizi anaingia kwenye barua pepe, anasoma mazungumzo, na siku ya kulipa anatuma ujumbe: "tumebadilisha benki, tumia akaunti hii mpya". Barua ni nzuri, namba ya gari ni ile ile, bei ni ile ile. Akaunti tu ndiyo ya mwizi. Usijibu barua hiyo. Piga simu kwa namba uliyoipata mwenyewe kwenye tovuti mwanzoni, si namba iliyo ndani ya barua.

Kwa watu wa Kivu kuna mzigo mwingine juu ya huo. Benki za Goma zilifunga milango mwisho wa Januari 2025, M23 ilipochukua mji, na Bukavu ikafuata mwezi wa pili. Wengi wakaanza kuvuka mpaka kwenda Gisenyi ao kutumia akaunti ya ndugu, ya rafiki, ya mfanyabiashara anayefahamika. Linaeleweka, kwa sababu maisha hayangojei. Lakini ujue linalokuja nalo: mauzo yakivunjika, kwa kawaida feza zinarudishwa kwenye akaunti zilikotoka. Zikitoka kwa shemeji, zitarudi kwa shemeji. Na muuzaji ambaye anaona jina la mtumaji si jina la mnunuzi anaweza kuzizuia. Andikeni karatasi ndogo yenye sahihi za wote wawili, mbele ya mashahidi, na muambie muuzaji mapema nani atatuma. Jina la mwenye gari kwenye fakture libaki lako.

Hapa nyumbani pia kuna matangazo ya Facebook yanayosema duane inauza kwa mnada magari iliyokamata, RAV4 kwa dola 1,500, tuma dola 100 ya kuandikisha jina kwa namba hii ya simu. Mauzo ya hadhara ya DGDA yanakuwepo kweli, na ndiyo maana uongo huo unaingia. Nenda kwenye ofisi yenyewe, uliza kama mauzo hayo yapo, na ulione gari mbele ya kutoa hata franga moja.

Kutoka bandarini mpaka nyumbani

Fakture inaweza kuwa na herufi tatu ambazo zinabadilisha kila kitu. FOB ni bei ya gari likiwa limepakiwa melini Japani: usafiri wa bahari ni juu yako. C&F ina usafiri mpaka bandari inayotajwa, bila bima. CIF ina usafiri na bima. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofikisha gari Goma, Beni ao Kalemie. FOB inaishia Japani, C&F na CIF zinaishia Dar es Salaam ao Mombasa, na pale ndipo mtu asiyejitayarisha anaanza kupiga simu kuomba mkopo.

Lipa bima. Gari linalosafiri ndani ya meli ya kuingiza magari kwa matairi linapita mikononi mwa mashoferi wengi wa bandari, na redio, jeki ao kifaa cha kufungua mapine vinaweza kupotea. Ndani ya kontena ni salama zaidi, na watu watatu wa mtaa mmoja wakinunua pamoja wanaweza kugawana kontena.

Karatasi ya meli, ile madeklaran wanayoiita konesman, ndiyo ufunguo. Ina namba ya shasi na jina la anayepokea. Anayeishika yeye ndiye anayeweza kutoa gari bandarini. Kwa hiyo jina lako liandikwe sawasawa na kwenye pasipoti ao kadi ya uchaguzi, herufi kwa herufi. Mwamba isiwe Muamba. Kusahihisha konesman wakati meli imekwisha kufika kunachukua siku, na bandarini siku ni feza: kuna siku chache za bure, kisha gari linaanza kulipishwa kwa kulala.

Madeklaran wawe wawili, mmoja wa bandarini na mmoja wa mpaka wako, na wafahamiane mbele ya meli kufika. Njia zinatofautiana. Gari la Lubumbashi linapita Tunduma, Zambia mpaka Kasumbalesa. La Goma na Bukavu mara nyingi linapita Rusumo na Rwanda. La Beni na Butembo, likishukia Mombasa, linakatisha Uganda na kuingilia Kasindi. La Kalemie linaweza kufika Kigoma na kuvuka ziwa. Gari linapita nchi za watu likiwa chini ya transit, na transit ina siku zake zilizohesabiwa. Shoferi anayelitumia kutembelea ndugu zake njiani anakuletea faini.

Upande wa Kongo, DGDA inahesabu kodi juu ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima, TVA ni asilimia 16, na OCC na OGEFREM wana karatasi zao. OGEFREM inataka fishi yake kwa mizigo inayoingia, na hiyo inaombwa mapema, si gari likiwa barrière. Uliza pia, wiki ile ile unayotaka kununua, kanuni ya umri wa gari na ya upande wa volan. Japani wanaendesha kushoto, sisi kulia, na Kinshasa ilikwisha kutangaza marufuku ya kuingiza magari yenye volan kuume, ijapokuwa Lubumbashi na Kivu yamejaa. Usichukue gari la jirani kuwa sheria. Na yule anayekuahidi kuhamisha volan kwenye garaji ya nyuma ya soko, muulize kwanza kama yeye mwenyewe angeteremka nalo mlima wa Nyangezi na watoto ndani.

Gari likifika, usitie sahihi ukiwa na furaha. Linganisha namba ya shasi iliyochongwa kwenye chuma na ile ya konesman, ya hati ya kutoka Japani na ya karatasi ya mnada. Zote nne ziwe moja. Hati hiyo ya kutoka Japani itahitajika siku ya kuomba plaketi na karte rozi, kwa hiyo usiiache kwa deklaran. Piga picha za pande zote, angalia kilometa, inua zulia la shoferi na uguse chini yake kama kuna matope ao unyevu, fungua tanki uone mafuta. Kama kuna kitu kimevunjika, kiandikwe kwenye karatasi ya kupokea mbele ya aliyelileta kuondoka, kwa sababu bima itauliza karatasi hiyo kwanza.